Dumu la Saa Ishirini na Nne

Kwa mamlaka ambayo hakuna aliyeyatoa, na kwa niaba ya familia nzima pamoja na friji yake, inatangazwa kwa umma kwamba Fundi Saa amepona. Uvimbe uliokaa juu ya figo yake ya kushoto kama mgeni asiyejua kuaga umekatwa, umetiwa kwenye chupa, umepelekwa maabara, na hautarudi tena. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Tangazo hili lilidumu miaka sita. Lilikuwa na ushahidi wake: barua ya hospitali yenye neno "amepona", iliyotiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni kati ya picha ya harusi na saa ya ukutani. Mke wa Fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama, aliifuta vumbi kila Jumamosi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Wageni walionyeshwa. Aliyejifanya haioni alisomewa kwa sauti. Shida ilikuwa moja tu: uvimbe wenyewe haukuwahi kuisoma.

Ulirudi asubuhi moja ya kazi, bila hodi. Fundi alikuwa ameinama kwenye meza yake, lenzi jichoni, kibano mkononi, mbele yake saa ya mkono ya kike iliyofunguliwa tumbo. Alikuwa anarudisha skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi. Kazi hiyo hufanywa pumzi ikiwa imezuiwa, na Fundi alikuwa anajulikana mtaa mzima kwa kuzuia pumzi. Ghafla kichwa kikaanza kugonga kisogoni. Moyo ukatoka mbio. Jasho likamchuruzika usoni, likaning'inia puani, na kabla hajarudi nyuma tone moja likadondoka katikati ya magurudumu ya ile saa. Katika miaka ishirini na mitatu ya ufundi hajawahi kuilowesha saa ya mtu. Skrubu ilikwenda ilikokwenda. Mpaka leo haijaonekana.

Akaketi akisubiri. Dakika tisa baadaye mambo yote yalikuwa yametulia, mikono imebaki ya baridi, na yeye anajua. Mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huu hahitaji kutambulishwa mara ya pili.

Kwa wasioujua, maelezo ni haya. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia. Kazi yake mojawapo ni kumwaga homoni ya hofu mtu anapofukuzwa na mbwa, ili moyo upige kasi na miguu ifanye inachopaswa kufanya. Uvimbe ukiota kwenye tezi hiyo, homoni inamwagwa ovyo, mbwa awepo au asiwepo. Fundi, kwa hiyo, alikuwa mtu anayefukuzwa na mbwa akiwa amekaa kwenye kiti. Madaktari walimwondolea tezi ya kushoto pamoja na uvimbe wake, wakamwachia ya kulia, na mbwa akanyamaza miaka sita.

"Amerudi," alimwambia Mama jioni ile.

Mama hakuuliza nani. Alimtazama, kisha akaitazama fremu ukutani, kisha akamtazama tena kwa namna ya kumwonea huruma, na Fundi akaona kwamba kesi yake imeshashindwa kabla hajafungua mdomo. Labda ni uchovu, Mama alisema. Labda ni miwani. Kwani barua inasemaje?

Siku mbili baadaye akaja kaka yake Mama, karani wa mahakama, mtu anayeongea kama vile kila neno lake litapigwa muhuri. Huyu watoto wa nyumba walimwita Mjomba, na kwa kuwa alikuwa anakuja mara nyingi kuliko barua za posta, mtaa nao ukamwita hivyo hivyo. Alikunywa glasi mbili za juisi, akajifuta mdomo, akamgeukia Fundi.

"Shemeji, hukumu ilishatoka," alisema. "Mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya afya yake mwenyewe."

Fundi hakucheka. Aliondoka sebuleni akaenda kukaa ukumbini na saa yake ya mfukoni, akihesabu mapigo ya moyo. Hili ndilo lililomkera kuliko ugonjwa: alijua kitu ndani ya mwili wake kama anavyojua saa inayochelewa kwa kuisikiliza tu, na watu wote aliowapenda walikuwa upande wa fremu.

Alikwenda kliniki. Alimkuta daktari kijana, mpole, mwenye haraka, aliyesoma faili kwa kidole. Daktari naye alitazama neno "amepona", lakini kwa kuwa Fundi hakuondoka kwenye kiti, akamwandikia kipimo. Muuguzi akaleta dumu jeupe la lita tano lenye mistari ya vipimo ubavuni, akatoa maelekezo. Asubuhi saa moja kamili, mkojo wa kwanza umwagwe. Kuanzia hapo, wote uingie humu, mchana na usiku, mpaka saa moja kamili kesho yake. Likae kwenye friji. Lisipotee hata tone.

Hapo Fundi alifurahi kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Hatimaye kuna mtu aliyemwomba kitu anachokiweza. Saa ishirini na nne, bila kupoteza tone: hiyo si hospitali, hiyo ni kazi yake.

Wakati huo binti yake alikuwa nyumbani kwa likizo. Alisoma shule ya bweni, na huko ndiko alikopewa jina la Mheshimiwa, kwa tabia yake ya kupanda juu ya kiti na kutoa hotuba kuhusu uji mwepesi kama vile yuko bungeni. Alikuwa na faili nene kwa mwalimu wa nidhamu. Humo mlikuwa na kengele iliyolia saa nzima kabla ya wakati, na mwaliko wa kikao cha wazazi ambao mkuu wa shule aliusoma mbele ya wanafunzi wote kabla ya kugundua kwamba hakuuandika yeye. Nyumbani aliwahi kusogeza saa zote mbele kwa dakika saba. Katika nyumba ya fundi saa, jambo hilo ni sawa na kumtukana mwenye nyumba mbele ya wageni.

Kwa hiyo, usiku wa kuamkia kipimo, Fundi alimwita.

"Mpaka majibu yatoke sitaki utani humu ndani. Hata mmoja. Umenisikia, Mheshimiwa?"

Binti alisimama wima, mikono nyuma. "Serikali imesikia, Baba, na inalifanyia kazi."

Siku ya pili Fundi hakwenda kazini. Alipanga saa tatu mezani, zote zikienda sekunde kwa sekunde, na daftari dogo lenye mistari. Kila alipotoka msalani aliandika saa, dakika, na kiwango kilipofika kwenye mistari ya dumu, kwanza kabla ya kumimina, kisha baada ya kumimina. Hakuna aliyemwagiza hayo. Saa nne asubuhi mbwa alikuja, akakaa dakika kumi na moja, akaondoka, na Fundi akaandika hilo pia, karibu kwa furaha, kwa sababu safari hii mbwa alikuwa anaingia kwenye kumbukumbu. Saa nane kasorobo mchana alimimina, akaandika: "Baada ya kumimina, lita moja na nusu, kasoro kidogo." Kichwa kilikuwa kizito. Akalala.

Alilala mpaka saa kumi. Katika muda huo hakuna kilichotokea. Msimulizi anasisitiza jambo hili: hakuna kilichotokea kabisa. Mjomba alipita kusalimia, akaondoka bila kunywa chochote, jambo lisilo la kawaida kwake, na Mheshimiwa alikuwa anaosha vyombo bila kuagizwa, jambo lisilo la kawaida kwa mtu yeyote wa umri wake. Fundi aliamka, akaandika, "Saa kumi na dakika nne, kabla ya kumimina, lita moja na nusu," akamimina, akaendelea mpaka kesho yake saa moja kamili, sekunde sifuri. Akalibeba dumu mpaka maabara kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga.

Majibu yalitoka baada ya majuma mawili. Daktari kijana aliigeuza karatasi ili Fundi aione, akaweka kidole kwenye mstari wa juu. Homoni iko ndani ya kiwango. Kawaida. Mzee afurahi.

Fundi alimwambia hafurahi. Alifungua daftari lake na kumwonyesha: siku, saa, dakika, jasho, kichwa. Daktari alilitazama daftari kwa heshima ile watu wanayolitazamia daftari la mtoto wa chekechea. Akamwambia kwamba watu wengi waliowahi kuumwa sana hubaki na woga, na woga nao hutoa jasho. Akamwandikia vidonge vya kutuliza wasiwasi.

"Mimi sina wasiwasi," Fundi alisema. "Mimi nina mbwa."

Daktari akaandika kitu kwenye faili. Fundi, ambaye amezoea kusoma namba ndogo za nyuma ya saa, aliyasoma maneno yale kichwa chini miguu juu: "Mgonjwa anadai ana mbwa."

Miezi mitatu iliyofuata haisimuliwi vizuri na mtu aliyeshiba. Fundi alinunua mashine ya kupima presha. Mbwa akija, presha ilipanda mpaka mashine yenyewe ikaandika kosa na kuzima. Akikimbilia kliniki, foleni, kadi, benchi, mlango, na mpaka amefika kwa muuguzi mbwa ameshakwenda zake na presha ni ya kijana wa miaka ishirini. Umeona, mzee? walimwambia wote kwa macho. Alirudi mara nne, na mara ya tano mlinzi wa getini alimsalimia kwa jina. Kila mtu alikuwa mpole. Hilo ndilo lililomchosha. Angepata hata mtu mmoja wa kugombana naye angepumua.

Nyumbani, vidonge vya wasiwasi vilimfanya asinzie juu ya meza ya kazi, akaviacha. Mama akakasirika kwamba ameviacha. Fundi akakasirika kwamba Mama amehesabu vidonge. Saa za watu zikaanza kurudi mikononi mwa wenyewe zikiwa zimeharibika zaidi kuliko zilivyokuja. Alianza kukubali kazi za kubadilisha betri tu, kazi ambayo zamani aliwaachia wauza vitafunwa. Jioni moja Mama alimkuta ameketi na kibano, akijaribu kuinua unywele mmoja kutoka kwenye karatasi nyeupe, na unywele haukubali kuinuka. Mama alikwenda kusimama mbele ya fremu kwa muda, na Jumamosi ile hakuifuta vumbi.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu. Mheshimiwa, aliyerudi bweni, alianza kupiga simu kila Jumapili. Zamani alipiga simu kuomba sabuni. Sasa aliuliza presha ya Baba. Aliuliza juu ilikuwa ngapi na chini ngapi, na kama daktari amesema watarudia kipimo, na alipoambiwa la, alinyamaza mpaka Fundi akadhani simu imekatika. Fundi alimwambia Mama kwamba shule ile inaanza kumnyoosha mtoto.

Halafu, juma la kwanza la likizo iliyofuata, Fundi alianguka kazini. Alianguka kifudifudi juu ya kioo cha meza yake, kikapasuka, na kinyozi wa mlango wa pili alimkuta ameketi sakafuni katikati ya vioo na magurudumu, amepauka, akisema taratibu, "Mniandikie saa ngapi. Mniandikie saa ngapi." Safari hii mbwa hakuwahi kukimbia. Kinyozi alimfikisha hospitali, presha ikapimwa pale pale mapokezi, na muuguzi aliyeipima alimvua mashine, akamvisha tena, akapima mara ya pili, kisha akaondoka kwa hatua za haraka.

Siku ya tatu waliingia kwa daktari bingwa wa homoni, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa masomoni mwaka mzima na ndio kwanza amerudi. Waliingia wanne: Fundi, Mama, Mheshimiwa, na Mjomba aliyewaleta kwa gari lake. Daktari alisoma faili kuanzia karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho, na alipofika kwenye majibu ya mkojo hakuweka kidole kwenye mstari wa juu. Alisoma mpaka chini kabisa, kwenye herufi ndogo.

"Hii nani aliisoma?" aliuliza.

Kisha akawasomea. Maabara ilikuwa imeandika, miezi mitatu nyuma, kwamba taka za misuli zilizomo ni nusu tu ya zile anazotoa mwanamume mwenye uzito wa mgonjwa huyu kwa siku nzima. Kwa hiyo mkojo haukukamilika, majibu yasitegemewe, kipimo kirudiwe.

Fundi aliuliza kama maneno hayo yalikuwepo pale siku zote. Daktari akasema ndiyo. Fundi akauliza tena, polepole: hata siku ile alipopewa vidonge? Ndiyo. Hata alipokuja mara ya nne? Daktari alivua miwani yake, akasema kwamba anasikitika, na kwamba hata ile barua ya ukutani waliyomwambia haikupaswa kuandikwa vile. Ugonjwa huu hukaa miaka kumi ukarudi. Unaweza kurudi pale pale ulipokatwa, au upande wa pili, au mahali pengine kabisa. Aliyefanyiwa upasuaji hupimwa kila mwaka maisha yake yote. "Hatuandiki amepona," alisema. "Tunaandika tunamwangalia."

Halafu akauliza swali ambalo halikuwa na ubaya wowote. Je, mzee anakumbuka kama kuna wakati alisahau siku ile? Kama kuna wakati alikwenda msalani bila dumu? Hutokea kwa wengi.

Mama alitegemea mumewe atawaka. Mjomba alikohoa. Fundi alitoa daftari lake mfukoni, akalifungua kwenye ukurasa wa siku ile, akalitazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Labda nilikosea," alisema. "Siku hizi nakosea."

Mheshimiwa alitazama dirishani. Kulikuwa na mtu anafagia ua.

Kipimo kilirudiwa hospitalini, chini ya macho ya muuguzi. Homoni ilikuwa mara tano ya kiwango. Picha ikaonyesha uvimbe mdogo kama harage pale pale ilipokuwa tezi ya kushoto. Daktari bingwa akapanga upasuaji: majuma matatu ya vidonge vya kulegeza mishipa, chumvi na maji kwa wingi, ili presha isije ikafumuka kisu kikigusa uvimbe, kisha kisu. Angeweza kuanza miezi mitatu mapema. Daktari hakulisema hilo. Mama ndiye aliyelisema, ndani ya gari, akitazama mbele, na Mjomba akakosea kona ya kwenda nyumbani kwao.

Ungetegemea Fundi awe na nafuu. Ameaminiwa. Mama alimwomba radhi kwa maneno yake mwenyewe, akaiteremsha fremu na kuiweka nyuma ya kabati. Lakini Fundi hakurudi kwenye meza ya kazi hata siku ambazo vidonge vilimpa mikono mitulivu. Aliketi ukumbini na lile daftari. Alisoma ukurasa ule asubuhi, akausoma tena mchana. Mama alipomwambia aachane nao, alimjibu kwamba nusu ya mkojo wa siku nzima si tone. Mtu anayeweza kusahau nusu ya siku, tena akiwa na saa tatu mbele yake, hana haki ya kufungua saa ya mtu mwingine. Alisema hata kama watautoa uvimbe, hajui watamrudisha nani.

Alhamisi iliyopita, saa tano na robo asubuhi, alichukua lenzi yake, akaivaa jichoni, akausoma ukurasa kwa mara ya mwisho, kama anavyoisoma saa. Kidole kikasimama kwenye mstari mmoja. Kikashuka kwenye mstari wa chini yake. Kikapanda. Saa nane kasorobo, baada ya kumimina: lita moja na nusu, kasoro kidogo. Saa kumi na dakika nne, kabla ya kumimina: lita moja na nusu. Ile kasoro ilikuwa imejazika, yeye akiwa usingizini.

Fundi alivua lenzi. Saa inaweza kusimama yenyewe, na inaweza kuchelewa yenyewe. Haiwezi kujijaza ufunguo.

"Mheshimiwa," aliita, bila kupaza sauti. "Njoo hapa."

Alipomwangalia binti yake akiingia, mikono nyuma, hakuuliza kama ni yeye. Alimpa karatasi na kalamu, kama wanavyofanya shuleni kwake, akamwagiza aandike maelezo ya jambo zima tangu mwanzo, asiruke kitu. Alimsimulia mwenyewe yale ya kazini na ya kliniki, na aliyoyawaza ukumbini, ili yaingie. Binti ameandika siku tatu. Ameandika kwa adabu, kwa lugha ya staha, kuhusu fundi fulani na binti fulani, na msimulizi ambaye hakuwepo.

Fundi amesoma mpaka hapa, akiwa na lenzi. Amerudi nyuma kurasa kadhaa, ameweka kidole pale palipoandikwa kwamba hakuna kilichotokea kabisa, na ameuliza swali moja.

"Huyu msimulizi alikuwa wapi saa tisa mchana?"

Msimulizi alikuwa jikoni.

Msimulizi ni mimi, Baba. Binti fulani ni mimi. Ulisema hata utani mmoja usiwepo, nami nilishaandaa mmoja tu, nikaona ni hasara kuutupa. Ulipolala nilibandika karatasi juu ya ile ya hospitali, nikaandika kwa herufi nzuri: JUISI YA NANASI, MALI YA SERIKALI. Nilitaka uikute wewe, ukasirike, halafu ucheke, kwa sababu ulikuwa hujacheka tangu nimefika. Sikujua Mjomba atapita. Mjomba hapiti friji bila kuifungua, kila mtu anajua, na mimi zaidi ya wote. Nilimkuta kwenye sinki, glasi mkono mmoja, dumu mkono wa pili, limeinamishwa, tupu. Alisema juisi yenu imechacha, nimewamwagia, nimewasuuzia na dumu. Nilimwambia kilikuwa nini. Aliitazama ile glasi muda mrefu. Kama alionja au hakuonja, mpaka leo hajasema, na nakuomba usimuulize.

Alisema shauri hili limefungwa na kwamba mimi sina la kuongeza. Simsingizii. Angeweza kukuamsha, nami ningeweza kukuamsha, na ungepiga kelele, ukaomba dumu jingine, ukaanza upya kesho yake. Ingekugharimu siku moja. Badala yake nilitia nilichokuwa nacho mwenyewe, kidogo, nikaongeza maji ya bomba, nikatia chai nyepesi kwa ajili ya rangi. Nilikuwa nimekuona ukimimina, kwa hiyo nilijaza mpaka nilipodhani ndipo. Nikazidisha unene wa kucha. Nikabandua ile karatasi yangu, halafu nikaosha vyombo.

Nilidhani majibu yatakuja mabaya vilevile. Yalipokuja mazuri nilifurahi kwa muda wa kama saa moja, nikajiambia pengine kweli umepona. Halafu nikakusikia ukumbini ukihesabu mapigo. Kila Jumapili nilipiga simu nikiwa nimeyashika maneno haya mkononi, na kila Jumapili niliuliza presha. Kwa daktari, uliposema labda umekosea, nilikuwa na nafasi ya kusema, watu wote wakiwa wamekaa, na nikatazama mtu anayefagia. Hilo nimeliandika juu kama vile lilikuwa la mtu mwingine. Ni langu.

Nilipomaliza kukueleza haya kwa mdomo, hukunipiga na hukunifokea. Uligeuka ukatazama mikono yako. Ulisema, "Kwa hiyo sikukosea." Kisha ukasema tena, "Sikukosea mimi." Nilidhani umenisamehe, nikaanza kutabasamu, ukaniambia nifute tabasamu hilo, kwamba hatujafika huko, na kwamba huenda tusifike kabla ya Jumatatu ya kisu. Ulisema niandike mwisho kwa jina la mimi, bila msimulizi, bila serikali, nitie na saa.

Leo ni Jumapili, saa nane kasorobo mchana. Dumu nililijaza mimi.